Pua ya Pikapu Yetu

Baba yangu hasikii vizuri. Aliendesha malori ya jeshi miaka mingi, na injini zile zilikula masikio yake taratibu, moja kwanza, halafu la pili. Ukitaka kuongea naye, simama mbele yake, inua mkono, ndipo uanze. Nyumbani kwetu Kamwokya kila mtu anapaza sauti. Majirani wapya hudhani tunagombana, kumbe tunaulizana chumvi iko wapi.

Alipostaafu alinunua pikapu kuukuu ya dizeli. Kazi yake kubwa ni ya Ijumaa: kubeba sufuria za pilau za Mama mpaka juu ya mlima wa Old Kampala, ili watu wakitoka kuswali msikitini wamkute Mama ameshafunua vifuniko, tayari kuuza. Tukichelewa wanakuwa wametawanyika, na pilau lile tunalila wenyewe mpaka Jumapili.

Mwaka jana pikapu ilianza kuchoka. Kwenye tambarare ilikwenda vizuri, ila ukiionyesha mlima inatoa moshi mweusi, inakohoa, na Baba anarudi gia ya kwanza. Boda boda zilitupita. Hata mtu mwenye toroli la ndizi alitupita Ijumaa moja, akatupungia mkono. Mama, kwa hofu ya kurudi kinyumenyume na sufuria zake, alikuwa anashika tasbihi tangu chini ya mlima, akivuta shanga moja moja mpaka tufike. Baba ni Mkristo lakini hakumzuia. Alimtania tu: "Omba kwa nguvu, mama watoto! Dizeli peke yake haitoshi!"

Siku moja ikazimika katikati ya mlima. Baba akashuka, akaitazama kama mtu anayetazama askari mtoro.

"Basi," alisema. "Kuna mtu sokoni Nakasero anaitaka. Mwisho wa mwezi aje aichukue."

Nililia. Najua kulilia gari ni mambo ya kuchekesha, lakini niliacha shule senia ya pili ya sekondari, na yote ninayojua nimeyasoma chini ya boneti ile. Nina ndoto ya gereji yangu mwenyewe, yenye ukuta wa rangi ya machungwa na benchi la wateja lenye mito. Sasa fundi asiye na gari hata moja la kushika atajifunzia wapi? Na Mama angepandisha pilau mlimani kwa kitu gani?

"Baba, nipe wiki mbili!"

"Wiki ngapi?"

"Mbili!"

"Kuruta, hata jenerali kuna vita anashindwa." Lakini alinirushia funguo.

Fundi wa gereji ya jirani, ambaye huniacha nioshe vyuma vyake nikimchosha kwa maswali, aliangalia moshi mara moja tu. "Mafuta iko, hewa hakuna. Hii gali yako imezibwa pua."

Basi nikaamua kuizibua. Niling'oa kisanduku cha filta ya hewa, maana filta yenyewe ilikuwa imejaa vumbi jekundu la miaka. Nikachukua kopo kubwa la maziwa ya unga, nikalitoboa kwa msumari pande zote, nikalivika sponji ya godoro, nikalifunga palepale juu ya injini. Nikawasha.

Mama yangu! Ilinguruma mpaka watu wakatoka madukani. "Eeh, nyabo, dada yetu, umeweka ndege humu!" mmoja alipiga kelele.

Baba alikuwa amekaa barazani anachambua maharagwe, ametupa mgongo. Akainua kichwa. Hakuna aliyemwita, hakuna aliyeinua mkono, lakini aligeuka.

"Nini hiyo?"

"Ni pikapu, Baba!"

Alikuja akasimama karibu na boneti, maharagwe bado yako mkononi. "Naisikia," alisema. "Miaka yote hii naiendesha kwa kukisia. Leo naisikia." Macho yake yalilowa, nikajifanya natafuta spana. Hapohapo akatangaza kwamba haiuzwi tena.

Ijumaa tulipanda mlima kwa ngurumo, Baba akiimba wimbo wa kambini. Mimi nilikaa nyuma na sufuria, nikipungia watu kama waziri. Tulipofika juu Mama akanivuta kando, akaninong'oneza. Katika familia yetu kunong'ona ni habari mbaya.

"Mwanangu, siku zote mlima huu unanimalizia mizunguko miwili ya tasbihi. Leo miwili, na shanga kumi na tano juu yake."

"Labda leo ulivuta haraka, Mama. Kwa woga."

"Mimi? Navuta hivihivi tangu nikiwa mtoto. Au mlima umerefuka?"

Nilifungua boneti nikagusa kopo. Liliniunguza vidole. Mama akachungulia begani kwangu, akacheka kidogo. "Bambi, maskini mtoto wangu. Sigiri ya mkaa unaipepea kwa hewa ya nje. Wewe hii unaipepea kwa mvuke wa sufuria."

Nikaelewa. Injini ilikuwa inavuta joto lake lenyewe. Kelele zilikuwa zimeongezeka, nguvu zimepungua.

Siku tatu nilipima la kufanya. Nikinyamaza, pikapu inabaki na Baba anaisikia. Lakini mlima haudanganyiki. Ijumaa moja ungetukataa, na Baba angejua kwamba nilimwacha afurahie kelele tupu. Nikisema, anaweza kumpigia yule mtu wa Nakasero jioni ileile. Jumatatu nikasimama mbele yake, nikainua mkono, nikasema yote.

"Kelele zote zile," aliuliza, "halafu haina nguvu?"

"Haina, Baba."

"Jeshini tulikuwa na sajini wa namna hiyo."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka sana. "Na ukiitengeneza vizuri, nitaisikia?"

"Hapana, Baba."

Aliitazama pikapu muda mrefu. "Itengeneze."

Nilirudisha kisanduku, nikaweka filta mpya. Kisha nikaomba kwa fundi bomba kipande cha bomba nene la plastiki la maji machafu. Nikalipitisha kutoka kwenye kisanduku mpaka nje, chini ya taa ya mbele, ambako hewa ni ya baridi. Mdomo nikauelekeza chini usinywe mvua. Maungio niliyakaza kwa mpira wa ndani wa baiskeli niliokuwa nimeukata kama utepe. Halikupendeza. Lilikuwa la kijivu na limepinda kama shingo ya kaloli, wale ndege wakubwa wa jalalani.

Ijumaa nilibanana na Baba na Mama mbele. Pikapu ilikuwa kimya, na uso wa Baba ulikuwa wa mtu anayetembea gizani. Tukaanza mlima. Mama anavuta shanga. Tukafika kwenye ile kona ambapo Baba hurudi gia ya kwanza. Mkono wake ukaenda kwenye gia, ukakaa hapo, haukusogea.

"Ya pili!" alipiga kelele. "Kuruta, iko kwenye ya pili bado!"

Tukaipita boda boda yenye abiria wawili. Mama alifungua jicho moja. "Tumefika? Hata mzunguko wa pili sijamaliza!"

Baba aliegesha, akatoa simu. Alimfokea yule mtu wa Nakasero kwa upendo, kama anavyoongea na kila mtu: "Ndiyo, ile ile! Hapana! Nimesema haiuzwi!" Barabara nzima ikajua.

Jumamosi asubuhi nilimwona kupitia dirishani. Alikaa kwenye usukani, akazungusha funguo, injini ikawaka. Hakuisikia. Akazungusha tena, stata ikalia krrrr. "Imeshawaka, Mzee!" Mama alimwita kutoka mlangoni, bure tu.

Akashuka. Akaenda mbele ya gari, akainama kwa shida, mkono mmoja kiunoni, na kuweka kiganja chini ya mdomo wa bomba. Hewa ikakivuta. Alibaki ameinama pale hata baada ya kujua kwamba imewaka.