Ndala ya Deo bado iko kwenye buti la gari langu

Admin, tafadhali usiweke jina langu wala kanisa ninalosali. Hata majina ya wenzangu humu nimeyabadilisha.

Nina miaka ishirini na sita, Mtanzania, mwaka wa tatu sasa niko Toronto. Ni karani kwenye ofisi ya wanasheria: napanga mafaili, naandika barua, napokea simu. Na ni mwoga. Bahasha yenye jina langu inaweza kukaa mezani siku nzima sijaifungua. Nasema hivyo ili mwelewe kwa nini nilinunua lile gari.

Ni Crown Victoria, yale magari marefu ya Kimarekani ambayo polisi waliyatumia miaka mingi. Kiti chake cha nyuma unalala umenyoosha miguu. Aliyeniuzia ni mzee wa Kikenya wa Richmond Hill, alikuwa analiendesha kama teksi. Kabla yake lilikuwa la polisi kweli. Ni jeusi, rimu za chuma tupu, na ile taa ya kumulikia iliyofungwa pembeni mwa kioo cha dereva ilikuwa bado inawaka. Nikamuuliza kama haifai kung'olewa. Akacheka. "Kijana, wewe endesha tu. Hii haiombi njia, inapewa."

Ilikuwa kweli. Siku ya kulileta nyumbani, magari yaliyokuwa mbele yangu yalipunguza mwendo, mengine yakahama kabisa. Dereva mmoja aliyekuwa anaandika ujumbe aliitupa simu kama imemuunguza. Maisha yangu yote mimi ndiye ninayetetemeka. Siku ile walitetemeka wengine, na nikapenda.

Jumapili iliyofuata niliamua kumpitia rafiki yangu Deo kule mtaa wa Mount Dennis, twende wote kanisani. Sikumwambia habari za gari, nilitaka kumshangaza. Deo ni Mrundi aliyekulia Kigoma, kazi yake ni kupaka rangi nyumba, na ndiye aliyenifundisha hata kuvaa kwa ajili ya baridi. Ana mke, Neema, na binti wa miaka minne. Ombi lake la hifadhi ya ukimbizi lilikataliwa, akakata rufaa, anangoja. Yote hayo nilikuwa nayajua.

Ilikuwa saa tatu asubuhi, theluji inaanguka, mwanga hafifu. Deo alitokea mlango wa nyuma wa jengo lao na mfuko wa taka, amevaa suruali ya kulalia na ndala. Nikasimamisha gari mbele yake. Nikawasha ile taa, nikammulika usoni, nikapiga honi mara moja. Nilikuwa nacheka peke yangu. Nilitaka aje dirishani aniambie, "Mheshimiwa Karani, umekuwa afande lini?" Ndivyo anavyoniita.

Mfuko ulianguka. Deo akakimbia. Sijawahi kuona mtu mzima anakimbia vile, bila sauti yoyote. Akaruka uzio, akashukia kwenye miti kuelekea mtoni. Nikatoka nikaita, "Deo, ni mimi!" Kusikia jina lake kulimwongezea mbio. Kwenye theluji kulikuwa na alama za mguu mmoja wa ndala na mmoja mtupu. Ndala ya pili ilikuwa imenasa kwenye uzio. Nikaiokota. Nikapiga simu yake, akapokea Neema. Nikakata. Mapazia ya ghorofani yalianza kufunguka, nami nikaingia garini nikaondoka.

Deo hajarudi. Alimpigia mkewe kwa simu ya mtu, akamwambia, "Wamekuja. Usiniulize niko wapi." Tangu hapo hupiga kila Jumapili saa nane mchana, dakika moja tu, kila mara namba nyingine. Neema amehamia na mtoto kwa rafiki yake, mtaa wa Lawrence Heights, wanalala sebuleni.

Baada ya ibada iliyofuata Neema alinishika mkono. "Mdogo wangu, majirani wote waliliona gari la polisi, taa inamulika. Wewe unafanya kazi kwa wanasheria. Watarudi?"

Hapo ndipo ningesema. Badala yake nilimwambia, "Sijui, dada. Labda atulie huko huko kwanza." Naye Deo alipopiga akamwambia hivyo hivyo. Deo anajificha kwa ushauri wangu.

Sasa ni wiki ya tatu. Gari nimelifunika turubai, ofisini naenda kwa basi. Lakini nikiona mgongo wa mwanaume yeyote anayetembea kwa haraka, namwangalia mpaka nione uso. Ndala iko kwenye buti. Siwezi kuitupa, siwezi kuirudisha.

Jana Neema alinipigia. Alhamisi ijayo Deo anatakiwa kuripoti kwa watu wa uhamiaji, na barua inasema ni lazima. Barua za namna hiyo nazijua, zinapita mikononi mwangu kila wiki. Asipofika, hati ya kumkamata inatolewa. Hapo wataanza kumtafuta kweli, wakati mpaka leo hakuna aliyemtafuta isipokuwa mimi, kwa utani.

Nikisema, nitakuwa mtu aliyejifanya polisi. Kazi itaondoka, pengine na kibali changu pia. Nikinyamaza, Alhamisi itapita.

Kabla hajakata simu Neema alisema, "Mzee mmoja ameniambia umenunua gari. Nipeleke uhamiaji siku hiyo, mdogo wangu. Hata asipokuja, nitasimama pale mlangoni. Pengine atapita aone ni mimi."

Nikamjibu, "Sawa, dada."

Leo ni Ijumaa. Keshokutwa saa nane simu ya Deo italia. Ninyi mnaosoma, mliowahi kumkosea mtu aliyewapokea, nisaidieni: nikikaa mbele ya dada huyu na ndala ya mumewe mkononi, naanzia wapi?