Siku Mtani Wangu Aliponiamkia

Mwanangu, ipo siku moja hainitoki akilini. Mzee wa umri wa baba yangu aliniamkia, "Shikamoo, mwalimu," mbele ya wanafunzi, nami badala ya kuvimba kichwa nikatamani kulia. Nakusimulia leo kwa sababu nasikia umepangiwa mazoezi ya kufundisha huko Kinjumbi, na mama yako ananiambia hulali, umekwishaanza kuuliza kama mtandao unashika. Kaa kidogo. Basi haliondoki sasa hivi.

Mimi nilipangiwa sekondari moja jirani na Mtama. Nilikuwa kijana wa Tabora, Mngoni wa jina tu. Songea kwenyewe nilikuwa sijakanyaga. Wanafunzi wengine wa kidato cha nne walinizidi kimo na ndevu. Nikiwapa mgongo niandike ubaoni, nasikia minong'ono, chaki inakatika. Jioni, badala ya kuandaa somo la kesho, nilikwenda kusimama barabarani kutazama mabasi ya Lindi, roho juu juu. Mkaguzi kutoka chuoni alikuwa anakuja, na niliamini kwamba darasa lisiponiheshimu mbele yake, ualimu wangu umeishia hapo.

Sasa, shuleni palikuwa na mpishi, Mzee Hashimu, Mmwera. Aliposikia tu kwamba mimi ni Ngonyani, jina la Kingoni, sikupumua tena. Kila nikipita jikoni anapaza sauti, "Jamani, mtumwa wangu huyo! Leo kafungwa kamba shingoni, asije akapotea!" Kumbe kamba ni tai yangu. Wanafunzi hoi kwa kicheko. Sikujua kwamba Wangoni na Wamwera ni watani tangu mababu zao walipopigana wakachoka, na kwamba mtani ana haki ya kukusema hata ukiwa msibani. Nilijua kitu kimoja: mzee huyu ananimalizia heshima. Hasira hasara, wanasema, lakini mwenye hasira hasikii. Nikaenda kwa mkuu wa shule kutaka mpishi aonywe. Akaonywa.

Kesho yake ndiyo hiyo shikamoo. Mzee Hashimu alivua kofia, akainamisha kichwa, akanipa sahani kwa mikono miwili. Foleni nzima kimya. Tangu hapo nikapata heshima yote niliyoitaka: nikipita watu wananyamaza, nikiingia ofisini mazungumzo yanakatika. Darasani hapakuwa na mnong'ono tena, wala mkono ulionyooshwa. Nilikuwa nauliza swali na kulijibu mwenyewe. Ah, mwanangu, nilikuwa mpweke!

Mwalimu Somoe, mama mtu mzima aliyekuwa akinisimamia, alinikuta nafungasha begi. Hakunibembeleza.

"Yule mzee kakuita mtani wake, maana yake kakuita ndugu," alisema. "Wewe ukampeleka ofisini kama mwizi. Sasa umekuwa mgeni kweli, na mgeni hatumtanii. Mkataa kwao mtumwa, baba."

"Basi nikamwombe radhi?"

"Radhi ya nini? Mtani haombwi radhi. Mtani anatukanwa!"

Mchana ule nilipanga foleni. Nilipofika mbele yake akavua kofia. "Shikamoo, mwa..."

"Marahaba!" nikamkata, kwa sauti ambayo hata mimi sikuwa naijua. "Na haya maharage, nyie Wamwera, mmeyapika au mmeyaogesha tu?"

Upawa ukabaki hewani. Nikajua nimekwisha, safari hii kwelikweli. Mzee akanitazama, kisha akawageukia wanafunzi taratibu.

"Jamani, ile sanda irudisheni dukani. Maiti anadai mboga."

Shule ililipuka. Nilicheka mpaka machozi, na machozi mengine hayakuwa ya kucheka. Kipindi cha mchana, binti mmoja wa kidato cha nne alinyoosha mkono akasema, "Mwalimu, hapo hatujaelewa. Na juzi hatukuelewa." Hakuna sifa niliyowahi kupewa ikanifurahisha kama hiyo. Nikafuta ubao, nikaanza upya. Mkaguzi alipokuja alilikuta darasa lina kelele kidogo, akaliandika hilo kama kosa. Mimi sikujali.

Basi shika haya, mwanangu. Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho; usiwahi kukasirika kabla hujauliza. Usiwatake watu wakuogope ukadhani wamekuheshimu, maana anayekuogopa hakwambii kwamba hakuelewa, na mwalimu asiyeambiwa hivyo anafundisha ukuta. Begi ukifika lifungue siku hiyohiyo, nguo zitundike.

Nenda, mwanangu. Mola akutangulie, akupe wenyeji wenye midomo isiyotulia. Na siku watakapokunyamazia, akupe moyo wa kuanza wewe.