Sare ya Mfiwa

Huku kwetu timu haimfungi mfiwa. Haijaandikwa popote, lakini ukiifunga timu ambayo mchezaji wake kafiwa wiki hiyo, mtaani hupewi hata salamu. Mnacheza, mnatoka sare, mnakwenda msibani pamoja. Baba yangu, aliyekuwa kocha wetu pale Chilangala, aliishika desturi hiyo kama dini.

Msimu uliopita tulishuka hadi Chiungutwa kucheza na wenyeji. Mama wa kipa wao alikuwa amezikwa juzi yake. Bado ni bila bila, tukapata penalti. Mpigaji mimi. Nikamwona baba ananijia mpaka kwenye chaki.

"Mwanangu, paisha."

"Baba, tunataka kupanda daraja!"

"Paisha, nimesema."

Nikapaisha. Tukaambulia pointi moja badala ya tatu, na baba akarudi nyumbani anatabasamu. Mimi nilinuna njia nzima.

Mzunguko wa pili wakapanda wao kuja kwetu, na safari hii mfiwa nilikuwa mimi. Baba alikuwa amefariki ghafla, matanga hayajaanuliwa. Walinipa mikono mmoja mmoja. Kipa wao alinishika bega.

"Pole sana, kaka. Mzee alikuwa mtu."

Nikaamini. Wenzangu nao waliamini, wakawa wanacheza kama watu waliokwisha kukubaliana. Dakika za mwisho wageni wakapata penalti. Yule kipa akatoka golini kwake mbio, akavuka uwanja mzima, akaipiga mwenyewe. Wavuni. Akashangilia, tena kwa kukata viuno. Mshenzi yule.

Ligi ilipokwisha tulilingana nao pointi. Kwenye ligi yetu, mkilingana hayaangaliwi kwanza magoli ya msimu mzima. Zinaangaliwa mechi zenu wenyewe kwa wenyewe. Sisi tulikuwa na sare moja na kipigo kimoja. Wakapanda wao. Penalti yangu ingeingia kule Chiungutwa, tungewazidi pointi na hesabu hiyo isingehitajika.

Nilimweleza mama, amekaa barazani anabangua korosho.

"Baba yako angefufuka leo," alisema, "angekwambia upaishe tena."

"Najua, mama. Ndiyo maana tumebaki chini."

Mikono yake ilisimama kidogo. Kisha akaendelea kubangua, na mimi sikumwomba radhi.