Matangazo ya Vifo ya Saa Saba

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa kitenge kipya na kufika studioni nikiwa nimejiandaa kusoma hewani. Badala yake nilikalishwa mapokezi, kwenye benchi lililotazama mlango, na kuelezwa kwamba kazi yangu itakuwa kupokea matangazo ya vifo. Kituo chetu kilikuwa redio ndogo ya FM mjini Mbulu: nyumba ya bati, mnara nyuma yake, na sauti iliyofika ilipofika na kuishia ilipoishia. Wasomaji vijana wavumilie nikieleza polepole, kwa sababu mpaka huo wa sauti ndio kiini cha ninayotaka kuyasema.

Mtu wa kwanza kuingia alikuwa mzee kutoka Tumati, amejifunika blanketi. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa karatasi iliyosema kwamba mdogo wake amefariki na maziko ni kesho. Niliikagua herufi kwa herufi, nikampelekea Mkuu wa Matangazo, mtu mwenye mamlaka juu ya kila neno lililosomwa hewani. Hakuitazama.

"Umemuuliza nani bado hajaambiwa?"

Nilijibu kwamba karatasi haina kosa.

"Sikuulizi habari za karatasi, binti. Marehemu ana dada?"

Nilikuwa sijui. Akatoka mwenyewe, akaketi benchini kando ya yule mzee na kumwuliza habari za shamba kwanza, kisha za msiba. Ikajulikana kwamba dada yupo, ameolewa bondeni upande wa Masieda, na kijana aliyetumwa kwake bado yuko njiani. Mkuu akamwita Fundi Mkuu, msimamizi wa mtambo wa kurushia matangazo, amwambie kama redio yetu inashika kule.

"Kule?" alisema Fundi. "Kule mwenye redio huitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo."

Hata mzee mwenyewe alitabasamu, na tangazo likaruhusiwa. Baadaye Mkuu alinieleza kanuni ya nyumba. "Kifo kipelekwe kwa miguu kwanza. Sisi tunafuata." Alisema mama anaweza kuwa anachambua maharage, redio iko dirishani, na jina la mwanawe likamwangukia pasipo mtu wa kumshika. Sauti yangu ni nzuri, alisema, lakini sauti nzuri haina mikono.

Niliiandika kanuni hiyo kichwani, na sidhani kama kuna siku nimeacha kuifikiria.

Mawimbi ya FM husafiri kwa kunyooka. Yakikuta kigongo cha mlima hayapindi. Nyuma ya kigongo hubaki eneo lisilopata sauti, ambalo mafundi wetu waliliita kivuli. Fundi Mkuu alikuwa na ramani ya wilaya ukutani, na kila alikokwenda na redio yake ya mkononi akakosa sauti, alirudi na kupapaka penseli. Aliichora ili siku moja aombe mnara wa pili na kuviondoa vivuli vyote. Sisi wa mapokezi tuliitumia kwa jambo jingine. Tulitazama ndugu ambaye bado hajafikiwa na mjumbe anaishi wapi. Akiwa kivulini, tulisoma. Akiwa penye sauti, tulingoja, hata kama familia ilinung'unika benchini.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Katesh, kwenye ofisi yetu ndogo ya Hanang. Msimamizi wa Ofisi alikuwa mtu wa tambarare, mwana wa wafugaji, na siku ya kwanza aliniambia niiache ramani yangu Mbulu. "Hapa watu wanahama na redio shingoni," alisema. "Usiniulize mtu yuko wapi. Niulize kama betri zake bado zina moto." Alinifundisha kwamba katika boma la wafugaji mjumbe hatamki msiba akiwa amesimama. Huketi, huuliza ng'ombe wameamkaje, hungoja aulizwe alichokijia. Muda huo wote aliye mbele yake anakuwa ameanza kuelewa, na neno linapofika halimkuti mtupu. Katesh ndiko pia kulikonirudisha karibu na kaka yangu Boay, aliyekuwa ameoa huko na kuchunga ng'ombe chini ya Mlima Hanang. Jumamosi alikuja ofisini kunisalimu, akaketi benchini kati ya wafiwa kana kwamba ni mmoja wao, na kuwafariji.

Kutoka Katesh nilikwenda chuo kikuu kusomea shahada ya uzamili, nikiwa na umri wa kuitwa mama na wanafunzi wenzangu. Tasnifu yangu ilihusu usikilizaji wa redio kwa njia ya intaneti. Wakati ule vituo vikubwa vilishuka kwetu kwa satelaiti, kupitia dishi, na vijana walikuwa wameanza kusikiliza redio za mbali kwenye simu janja. Nililichunguza hasa suala la uchelewaji. Sauti ya FM humfikia msikilizaji papo hapo. Sauti ya intaneti hukatwa vipande, hupelekwa kwenye kompyuta iliyo mbali, kisha simu hukusanya kwanza akiba ya vipande hivyo ndipo ianze kuvitoa, ili mtandao ukisita sauti isikatike. Kwa hiyo mwenye simu husikia nyuma ya mwenye redio, wakati mwingine kwa kiasi cha kusali Baba Yetu taratibu. Niliuita uchelewaji huo kasoro, sura nzima, na watahini walinisifu kwa usahihi.

Niliporudi Mbulu niliteuliwa kuwa Mkuu wa Matangazo, na katika kipindi changu redio yetu ikaanza kurushwa mtandaoni. Shukrani zilimiminika kutoka Dar es Salaam na nchi za mbali, kwa watu waliosema wamesikia tena majina ya vijiji vyao. Ukuta ulipakwa rangi, na ramani ya Fundi haikurudishwa. Hakuna aliyeihitaji, kwa kuwa kivuli kilikuwa kimekwisha duniani. Nililifurahia jambo hilo, tena kwa dhati. Hata hivyo nilibaki nikijiuliza swali moja. Kama sauti yetu inafika kila mahali, ni miguu gani itakayoweza kuitangulia?

Mlima Hanang uliposhusha tope hadi Jorodom, pale Katesh, na kufukia nyumba na watu, watu walitupigia bila kukoma. Niliamuru tusome majina ya wanaotafutwa na ya waliopatikana wazima, hayo tu. Waliofariki tuliwaachia watu wawapeleke nyumbani kwa vinywa vyao. Baada ya hapo niliwaachia vijana karatasi zote za matangazo. Nilistaafu, nikahamia Arusha kwa binti yangu.

Arusha, FM ya Mbulu haishiki. Binti yangu alinipa simu janja, nikawa nakisikiliza kituo changu cha zamani kupitia simu hiyo, ikiwa mezani. Saa saba mchana, matangazo ya vifo yanapoanza, nilikuwa nikimpigia kwa kitochi, simu yangu ndogo ya vitufe, mdogo wangu Paskalina, aliyeko Tumati, naye ana redio ya betri dirishani. Tulisikiliza pamoja, kila mmoja kwa chombo chake, tukijadili ni nani wa ukoo gani. Yeye alisikia kwanza, kwa sababu niliyoieleza, na hakuniacha nisahau.

"Wewe bado uko jana, dada," alikuwa akisema. "Simu ya gharama yote hiyo, inashindwa na redio ya kufungwa kwa mpira."

Nilikuwa nikimweleza habari za vipande na akiba. Alijibu kwamba ng'ombe wake pia hula kwanza na kucheua baadaye, lakini hajaona mtu akimpa shahada.

Siku moja mwezi wa mavuno tulikuwa tukizungumza hivyo hivyo, yeye ananicheka, mara akanyamaza katikati ya neno. Nyuma yake nilisikia redio yake ikikatika, kama iliyozimwa kwa pigo.

"Dada, umekaa?"

Nilisema nimekaa, nikamwuliza ng'ombe wake wameamkaje, sijui kwa nini.

"Wameamka salama." Alivuta pumzi. "Dada. Kaka Boay ametutoka."

Kwenye simu janja, pale mezani, msomaji kijana alikuwa bado kwenye tangazo la mtu mwingine, mkulima wa Masieda. Alilimaliza. Kisha akalisoma jina la kaka yetu, la mke wake, na majina ya watoto wake na ya dada zake wawili, mmoja wa Tumati na mmoja wa Arusha. Nililisikia jina langu likisomwa nami nikiwa najua tayari. Redio ilikuwa imefuata.

Nikamwuliza Paskalina ni nani aliyefika kwake.

"Hajafika mtu," alisema. "Nimesikia redioni, hivyo hivyo."

Mjumbe alifika Tumati kwa pikipiki jioni, amejaa vumbi, akamkuta amekwisha kulia. Upande wa wifi yetu walikuwa wametuma tangazo kituoni kwa ujumbe wa simu, na kituoni hakuna benchi tena.

Msibani yule msomaji kijana alikuja, jambo la heshima. Alinipa shikamoo kwa mikono yote miwili na kusema anatumaini aliyatamka majina sawasawa. Nilimwambia aliyatamka sawasawa, na ni kweli. Sikuweza kusema zaidi mbele ya kaburi, na pengine ndiyo sababu ninaandika haya. Mwanangu, kabla ya kusoma, uliza nani bado hajaambiwa. Hata kama anayekutumia tangazo yuko mbali nawe, mpigie, umwulize.

Kuhusu tasnifu yangu, sura ile ningeiandika upya. Katika uchelewaji ule niliosifiwa kwa kuuita kasoro, mdogo wangu alipata nafasi ya kuzima redio yake, kuubeba msiba peke yake, na kunifikia kabla ya sauti. Yeye hakuwa na nafasi kama hiyo.

Siku hizi hanichokozi. Ikikaribia saa saba anazima redio yake dirishani, nampigia, kisha ananiomba nikisogeze kitochi karibu na simu janja. Sauti ya Mbulu inakuja Arusha, inarudi kwake Tumati, imechelewa na imekwaruza. Anasema ni afadhali tuchelewe wote wawili.