Benchi la Waliokuwepo

Nimepeleka barua za watu wa Tarrow kwa miaka thelathini na mmoja, na kazi ile humfundisha mtu kutoamini. Unajua nani ameitwa mahakamani, nani ana mwanamke mjini Savannah, nani anaandikiwa na daktari wa wazimu. Basi Doyle Stancil alipohamia kwenye gereji ya zamani karibu na reli akaanza kutengeneza mashine za kukata majani, nilimchunguza miezi sita mizima. Hakupata barua hata moja iliyoandikwa kwa mkono. Mtu wa miaka sitini na ushee hana hata shangazi wa kumtumia kadi ya Krismasi? Machale yakanicheza.

Ningemwacha na mambo yake kama asingemgusa dada yangu. Nelda alikuwa mjane mwaka wa nne, na marehemu alimwachia nyumba na ekari arobaini. Tapeli ahitaji nini zaidi ya hapo? Ghafla mashine ya majani ya Nelda ikawa inaharibika kila wiki. Nikimwuliza, ananiambia ni kabureta. Kabureta gani hiyo, isiyotengenezeka mpaka fundi akae barazani ale pai ya viazi vitamu? Halafu siku moja akaniambia, huku anacheka kama msichana, kwamba Doyle zamani alibeba vyombo vya Chattoka.

Hapo damu ikanichemka. Kwetu Chattoka si bendi tu. Walikuwa vijana sita wa kusini mwa Georgia, wana wa wakata magogo na vibarua wa tumbaku, magitaa matatu yanajibizana kama wake wenza. Tumeoana kwa nyimbo zao na tumezikana kwa nyimbo zao. Julai ya mwaka 1975 walipiga kwenye uwanja wetu wa maonyesho, wakarekodiwa, zikatoka santuri mbili zenye jina la mji wetu. Tangu hapo, kila Jumamosi ya kwanza ya Agosti, tunarudi uwanjani na viti vya kukunja, kambale wa kukaanga, karanga za kuchemsha na chai baridi yenye sukari ya kuumiza meno. Tunazipiga zile santuri mwanzo hadi mwisho, na ikifika "Leota", wimbo wa kufunga, dakika kumi na nane, wanaume wanavua kofia. Mbele kabisa, kivulini, pana benchi refu la wale waliokuwepo siku ile. Mimi hukaa wa tatu kutoka kushoto, kati ya Bi Eulene, aliyekuwa akikata tiketi getini, na mzee Carswell wa duka la mbegu. Wengine wote hukaa nyuma, juani.

Waongo wa Chattoka nawajua. Kila kaunti ina mtu anayeapa aliwahi kumwashia mwimbaji sigara. Wangekuwepo wote wanaosema walikuwepo, uwanja ule usingewatosha hata kwa kubebana mabegani. Kwa hiyo Nelda aliponiambia harusi ni Oktoba, nilikata shauri. Huyu bwana nitamuumbua mbele za watu, dada yangu amwone kwa macho yake.

Agosti ile wakaja pamoja, Doyle kabeba viti viwili. Hata benchi hakulisogelea, akaenda kukaa nyuma na Nelda. Hilo nalo nikaliona ujanja, maana mwongo aliyebobea hajipeleki mbele. Kabla santuri hazijaanza nikasimama, nikaomba watu wanyamaze, nikawatangazia kwamba leo tuna mgeni aliyebeba vyombo vya Chattoka kwa mikono yake. Wakapiga makofi. Nami nikamgeukia kwa sauti laini.

"Hebu tukumbushe, bwana Doyle. Siku ile walifunga na wimbo gani?"

Alikuwa na karanga mkononi. Akafikiri kidogo. "'Fungua Geti'," akasema. "'Leota' ndio waliofungulia, jua bado kali. Mwimbaji alitaka kuumaliza kabla koo halijamkauka."

Mtu mmoja akacheka, wakafuatia wote. Mtoto wa miaka saba wa Tarrow anajua kwamba "Leota" ni wa mwisho. Nikanyoosha mikono, nikasema mmesikia wenyewe.

Doyle hakukasirika. Alinitazama mimi, akalitazama benchi, akanitazama tena kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Akakunja kiti chake na kwenda zake kwenye pikapu. Nelda akamfuata bila kunisemesha. Watu walinipongeza kwa kunipiga mgongoni, na mimi nilikula vipande vitano vya kambale nikijiona shujaa.

Jumatatu asubuhi Nelda akaingia jikoni kwangu bila hodi. Aliweka mezani karatasi iliyofunikwa nailoni. Ilikuwa imegeuka rangi, ina alama ya soli ya buti na mabaki ya gundi kwenye pembe nne. Ilikuwa orodha ya nyimbo, imeandikwa kwa kalamu nene. Wa kwanza "Leota". Wa mwisho "Fungua Geti". Akaniambia ilibandikwa sakafuni jukwaani, miguuni pa mwimbaji, na Doyle aliibandua walipokuwa wanakunja nyaya.

Nikamwambia karatasi yoyote mtu anaweza kuiandika. Santuri haidanganyi. Akanijibu kwamba kampuni ya santuri ndiyo iliyoupeleka "Leota" mwisho, kwa sababu ulijaza upande mzima peke yake. Hapo nikaona nimemkamata tena. Kama ni kweli, nikasema, kwa nini hakuitoa karatasi yake pale pale akatufunga midomo?

Nelda akavuta kiti akakaa.

"Nilimwuliza hivyo hivyo, kaka. Akasema, 'Nikiitoa, watu watamwuliza kaka yako Verlon ilikuwaje yeye hajui.'"

Nelda alijua tangu zamani, na sasa Doyle amejua, basi na wewe ujue. Mimi sikuwepo. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, tumbaku imeiva, na baba alikataza mtu kutoka shambani. Mimi na Nelda tulishinda bandani tukifunga majani kwenye vijiti. Shule zilipofunguliwa nikasema nilikwenda, na nikishasema, ningerudi vipi nyuma? Nikapewa nafasi kwenye benchi. Miaka arobaini na ushee nimekaa kivulini, na dada yangu, aliyejua kila kitu, amekaa nyuma juani kwa sababu hakuwepo. Hajawahi kuniumbua hata kwa mzaha.

"Tulisikia, lakini," akasema. "Umesahau? Upepo ulikuwa unaleta magitaa mpaka bandani. Jua lilikuwa bado juu. Wewe ndiye uliyenishika mkono ukaniambia nisikilize, hiyo ni 'Leota'."

Nilikuwa nimesahau. Niliyoyasikia kwa masikio yangu yalifutwa na santuri, nikamtukana mtu kwa ajili ya santuri. Niliona aibu mpaka machozi yakanitoka, na sioni haya kulisema hilo.

Nilikwenda gereji siku ile ile. Doyle alikuwa chini ya mashine. Nilimwomba radhi nimesimama, kofia mkononi, na yeye akaniomba nimpe spana namba kumi na tatu. Nikampa. Oktoba nilimpeleka Nelda kanisani kwa mkono wangu. Barua bado hapati yule bwana, na siku moja nitajua kwa nini, lakini kuhusu Chattoka simwulizi tena.

Agosti iliyofuata nilisimama tena mbele ya watu. Nikasema, "Mimi sikuwepo. Nilikuwa nafunga tumbaku." Nikachukua kiti cha kukunja nikaenda nyuma. Nilipogeuka, mzee Carswell naye alikuwa anainuka, anatazama viatu vyake. Kisha mwingine. Kisha wawili kwa pamoja. Tulipokwisha kuondoka, benchi zima lilibaki na Bi Eulene, anakula karanga, kama aliyejua siku nyingi. Doyle tulimwita mbele akakataa, akasema siku ile alikuwa nyuma ya spika na hakuona kitu.

Tukaamua kuanza na upande wa nne, ule wa "Leota". Jua lilikuwa kali, nimekaa katikati ya shemeji na dada, jasho linanitiririka. Magitaa yakaanza. Nelda akanishika mkono.

"Kaka," akasema, "sikiliza."