Hatua ya Tatu ya Talaso

Nikinusa moshi ndani ya chombo cha maziwa, hata leo nikiwa mtu mzima mwenye mvi mbili tatu za kuficha, moyo hunidunda kabla sijakumbuka kwa nini. Kwetu chombo cha maziwa hakioshwi kikaachwa hivyo hivyo. Hufukizwa. Unachukua kijiti chenye moto, unakitumbukiza ndani ya gorfa, yaani kile chombo kilichosukwa kwa nyuzi za mimea na kukazwa mpaka hakivuji tone, kisha unafunika na kutikisa huku moshi ukikuchoma macho. Maziwa yakiingia humo hukaa siku nyingi, na yana ladha ambayo watoto wangu wanaiita ya kuungua, masikini, hawajui utamu. Gorfa yetu ilikuwa na mkanda wa ngozi uliokatika. Baba aliuunga kwa kamba ya buluu ya gunia, akafunga fundo kubwa la ajabu ambalo Mama alilicheka mwaka mzima. Fundo hilo ndilo lililotunyima usingizi kiangazi kile ninachotaka kusimulia.

Nilikuwa na miaka kumi. Tuliishi Wabera, mtaa mmoja wa Isiolo, katika nyumba ya mabati ambayo ukuta kati ya chumba chetu na cha Baba ulikuwa wa mbao nyembamba, hivi kwamba tulijua kila alipogeuka kitandani. Mama alikuwa kijijini Kinna akimuuguza nyanya, na dada yangu Talaso, aliyenizidi miaka minane, ndiye aliyeshika nyumba. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na kuitwa chuo cha ualimu. Lakini kuitwa ni jambo moja na kwenda ni lingine. Baba Mkubwa Galgalo, kaka yake Baba, alishikilia kwamba msichana akipelekwa mbali atarudi na macho makavu, na tayari alikuwa amemtafutia mchumba huko Garbatulla, mfanyabiashara wa mifugo ambaye Talaso hakuwahi hata kumwona. Baba alikuwa mtu wa maneno machache. Alimsikiliza kaka yake jioni tatu mfululizo, kisha akatoa uamuzi wake kwa sharti moja. "Talaso ataenda chuo," alisema. "Lakini nisisikie jina lake kwa mdomo wa watu." Sote tulijua kwamba siku atakapolisikia, safari itakuwa ya Garbatulla.

Basi wakaja watu wa video. Walikuwa wa msanii mmoja wa Nairobi ambaye nyimbo zake tuliziimba mferejini tukisubiri mitungi ijae, na walipiga kambi kwenye uwanda mkavu nje ya mji, wakakodi ngamia sita. Jirani yetu Makena, binti wa mama mmoja Mmeru aliyeuza miraa karibu na stendi, alipata kazi ya kuwapikia chai na chapati. Alikuwa amesoma darasa moja na Talaso, na mengi ninayosimulia hapa niliyapata kwao wawili. Siku ya tatu Talaso alifika pale na gorfa begani, kwa kuwa mwenye ngamia ndiye aliyetuuzia maziwa. Alikuta kazi imesimama. Mwanamitindo waliyemleta kutoka Nairobi, msichana mzuri mwenye kucha ndefu, alikuwa kila ngamia anapofungua mdomo anatupa chombo na kukimbilia garini. Mwongozaji akamtazama Talaso, akaitazama gorfa, akamnong'oneza Makena.

"Wee Talaso, si uende?" Makena alimwambia. "Ni mgongo tu wanataka. Mgongo na mikono. Uso watatumia wa yule."

"Na Aba akiona?" Hivyo ndivyo tulivyomwita Baba.

"Kwani Aba anajua mgongo wako? Funga shash vizuri, uende."

Talaso akafunga kitambaa chake cha kichwa mpaka puani, akaenda. Alivuliwa viatu, kwa sababu mwongozaji alisema viatu vya plastiki vinaharibu picha. Alitembea mchangani mara nane, huku na huko. Kisha akaambiwa achuchumae chini ya ngamia akame. Hapo aligoma, kwa kuwa kwetu ngamia hukamwa mtu akiwa amesimama kwa mguu mmoja, mguu wa pili umekunjwa na chombo kimekaa juu ya paja. Mwongozaji akasema hapana, akisimama atalikinga jua, na jua lile ndilo alilolilipia mafuta kutoka Nairobi. Mwenye ngamia alicheka mpaka akakaa chini. Mwishoni Talaso alichuchumaa, ngamia akakataa kutoa hata tone, wakafungua pakiti za maziwa ya dukani na kuzimimina ndani ya gorfa. Halafu wakamwambia ayamwage yote ardhini, polepole.

Alirudi nyumbani jua linazama, akichechemea. Baba alimkalisha kwenye kigoda, akaushika unyayo wake chini ya mwanga wa mlango, akauchokonoa mwiba kwa sindano. Ulikuwa mwiba mweupe, mrefu kama njiti ya kiberiti. Akamuuliza alikuwa wapi. Talaso akajibu, "Nilienda kutafuta maziwa, Aba," na huo ulikuwa ukweli mtupu. Baba akautupa mwiba jikoni, akaenda kuswali.

Mwezi mmoja baadaye Makena alikuja mbio na simu yake, ile video ikiwa tayari kwenye memori kadi. Tulijifungia chumbani, sisi watatu juu ya kitanda kimoja. Kwa sababu ya ukuta ule wa mbao tulizima sauti kabisa, na hivyo ndivyo nilivyoitazama video hiyo mara ya kwanza na mara nyingine labda hamsini zilizofuata: kimya, bila mwimbaji, bila ngoma. Ukiondoa wimbo, macho hayana pa kupumzikia. Yanaanza kuuliza maswali. Mbona mbingu ya Isiolo imekuwa ya zambarau? Mbona vumbi, ambalo tulilifagia asubuhi na jioni tukilitukana, linang'aa kama unga wa dhahabu? Mbona msanii anatembea jangwani na viatu vyeupe visivyoshika hata doa? Niligundua kwamba kila alipoonekana yeye kulikuwa na rangi ya baridi, na kila alipoonekana msichana kulikuwa na rangi ya moto, wala hawakuwahi kukaa ndani ya picha moja. Nilimwambia Makena hawa watu hawapendani, wameunganishwa tu na mkasi. Akanipiga kofi la mgongo akacheka. "Tume, wewe ni mtoto au ni mzee?"

Msichana mwenyewe alikuwa watu wawili. Uso ulikuwa wa Nairobi, mikono ilikuwa ya Wabera. Uso unageuka, picha inakatwa, mkono unashika gorfa, na mtu asiyejua anameza kwamba ni mwili mmoja. Niliipenda sana hila hiyo. Lakini kilichowapendeza watu wote kilikuwa ule mwendo. Talaso anatoka upande wa kushoto, nguo nyekundu, jua nyuma yake, mwendo umepunguzwa kasi; hatua ya kwanza, ya pili, na katika hatua ya tatu nyonga inashuka kidogo, bega linainama, kisha anajiinua tena kwa madaha. Kabla ya wiki mbili wasichana wote wa Wabera walikuwa wakitembea hivyo mferejini na mitungi kichwani, wakimwaga maji. Walidhani ni mtindo wa Nairobi. Talaso aliwatazama, na nadhani alifurahi kidogo.

Tatizo lilikuwa fundo. Kabla tu ya maziwa kumwagwa, gorfa inajaza kioo kizima, na pale katikati limekaa fundo la buluu la Baba, nene, halifanani na lingine duniani. Tulihesabu kwa vidole: moja, mbili, tatu, ndipo picha inakatwa. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yetu ilikuwa inacheza kwenye simu za mji mzima. Talaso alilikata lile fundo halisi akafunga kamba nyeusi, akala kiapo kwamba liliungua. Alikonda. Alipiga pasi nguo za chuo akazikunjua akazipiga tena. Nami niliomba Mungu aiharibu video ile duniani kote, ombi ambalo naona aliliweka pembeni.

Siku moja adhuhuri Baba alisahau dawa yake ya presha, nikatumwa kumpelekea kwenye hoteli aliyozoea kunywa chai baada ya swala. Alikuwa ameketi na Baba Mkubwa na wazee wengine wawili, na juu ya ukuta kulikuwa na televisheni. Nilipompa zile dawa nilisikia ngoma nisiyoifahamu. Nikainua macho nikaona vumbi la dhahabu. Kumbe wimbo wenyewe ndio ule, na mimi sikuwa nimewahi kuusikia.

Wazee walikuwa wameacha mazungumzo. Mwendo ukapita, hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akachuchumaa. Kisha likaja fundo, kubwa kama kichwa cha mtu, na moyoni nikahesabu moja, mbili, tatu. Halafu maziwa yakamwagika. Mwongozaji alikusudia kuonyesha mapenzi yaliyopotea, nafikiri. Lakini Waswahili husema maji yakimwagika hayazoleki; kwetu maziwa yakimwagwa kwa makusudi, mtu huulizwa ukoo wake. Baba Mkubwa aligonga meza.

"Astaghfirullah! Anamwaga maziwa? Huyo ni mtoto wa nani?"

"Ni wa hapa," mzee mmoja akasema. "Hiyo gorfa ni ya hapa. Tungojee picha yake irudi tuone."

Baba alikuwa bado ameutazama ukuta. Akameza kidonge chake, akashushia chai. "Angalieni vile anakamua," alisema. "Amekaa chini kama mtu anachuma mboga. Mtoto wa kwetu hakamui ngamia hivyo."

Baba Mkubwa akaanza kucheka, na wale wazee wakamfuata. Kweli, wakasema, hata mtoto wa miaka mitano anajua. Basi ni wa Nairobi, hao hata mbuzi hawawezi kushika, ngamia angempiga teke afike Meru. Wakaanza kusimuliana habari za ngamia wakali, na msichana akasahaulika. Mimi nilikimbia kutoka pale mpaka nyumbani bila kusimama. Nilimkuta Talaso anafua, nikamwambia yote kwa pumzi moja. Alikaa chini kwenye maji ya sabuni, akalia, kisha akacheka, na Makena akaja tukacheka watatu mpaka mbavu zikauma. Mungu si Athumani! Ujinga wa mwongozaji ambaye hajui ngamia ndio uliotuokoa. Usiku huo nilisikia kupitia ukutani Baba akigeuka kitandani, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi sauti hiyo haikunitisha. Wiki ya tatu baada ya hapo Talaso alipanda basi kwenda chuo. Baba mwenyewe ndiye aliyembebea sanduku.

Leo Talaso ni mwalimu huko huko Garbatulla, alikokwenda kwa miguu yake mwenyewe na si kwa kuposwa. Wanafunzi wake waliipata video ile mtandaoni na hawaamini ni yeye. Mimi kila Jumamosi nawafundisha vijana wa Isiolo kupiga na kuunganisha video, na somo la kwanza huwa ni kuzima sauti. Wao hawamfichi mtu kitu. Wanajipiga picha wakiamka, wakila, wakigombana na mama zao, na mji mzima unaona kabla ya chai ya saa nne. Wakati mwingine nawaonea wivu. Wakati mwingine naona hawajawahi kutazama kitu chochote mara hamsini.

Mwezi uliopita nilimwonyesha Baba video ile kwenye simu yangu. Amezeeka sana sasa, anaishika simu kwa mikono miwili kama sahani ya moto. Nilitaka kumtania, nimwambie hatimaye siri ambayo sisi wanawake watatu tulimficha miaka yote hiyo. Nikazima sauti, kwa mazoea. Nilipofungua mdomo kueleza kuhusu fundo, alinizuia kwa kiganja.

"Fundo nilifunga mimi," alisema. "Unafikiri sijui mkono wangu?"

Nikamuuliza mbona basi aliwadanganya wazee, yeye ambaye hata kwa mzaha hasemi uongo. Akanitazama kama ninavyowatazama wanafunzi wangu wakiuliza swali la kipuuzi. "Nilisema mtoto wa kwetu hakamui hivyo. Ni uongo? Ni mtu hajui ngamia alimwambia akae. Na jina lake, nani alilitaja pale?" Hakuna aliyelitaja. Sharti lake alilitunza yeye mwenyewe.

Akarudisha video nyuma kwa kidole, mpaka pale Talaso anapotoka upande wa kushoto na jua nyuma yake. Ule mwendo. Hatua ya kwanza, ya pili, na katika ya tatu nyonga ikashuka, bega likainama. Nimewaonyesha vijana wangu kipande hicho mara nyingi nikisifia madaha yake, nikiwaeleza habari za mwanga na mwendo wa polepole. Baba alikunja uso kama mtu aliyeumia.

"Hapo," alisema. "Hapo ndipo alikanyaga mwiba."