Boila Ilipokufa Wakati wa Baridi

Wiki ile ya baridi kali, nikiwa kwenye basi la kurudi kwetu, kitongoji cha Stechford, nilimwambia mke wangu kwa simu kwamba fundi ameikatia tamaa boila, ule mtambo unaopasha moto maji na nyumba yetu. "Anasema haitengenezeki. Mpya ni pauni elfu tatu, na nafasi anayo wiki ijayo."

Mama mmoja Msomali aliyeketi mbele yangu akageuka. "Pole sana, ndugu yangu," akasema kwa Kiswahili cha Nairobi kabisa. "Mna watoto?"

"Wawili."

"Basi waje kwangu waoge. Maji ya moto yapo." Akanielekeza kwake, mtaa wa pili kutoka kwetu.

Wiki nzima tulikwenda kila jioni na taulo zetu. Watoto wakitoka bafuni walikuta chai na sambusa, nasi wazazi tukaota joto mpaka aibu ikatuisha.

Boila mpya ilipofungwa, nilimpelekea keki ya shukrani. Akaipokea, akabaki ameshika mlango. "Sasa ndiyo hamji tena?"

Fundi tumekubaliana nimlipe kidogo kidogo. Yule mama naye tunamlipa kila Jumamosi: tunakwenda, tukiwa tumeshaoga.